Bendi Iliyokataa Kukimbizwa

Kanda ilipoanza kuzunguka, Fundi alidhani Bosi amekosea akaweka kanda ya watu wengine. Gitaa lililotoka kwenye spika za duka lilirukaruka kama kuku aliyekanyaga makaa. Ngoma zilikimbia kana kwamba zinadaiwa mahali. Kisha ikaingia sauti ya mwimbaji, nayo ilikuwa ya mbuzi anayevutwa asikotaka kwenda.

"Huyo nani?" aliuliza Mtangazaji.

"Huyo ni wewe," alijibu Kimya.

Walikuwa watatu, na bendi yao iliitwa Udongo. Fundi, mwanamke pekee kati yao, alikuwa fundi cherehani, naye ndiye aliyepiga ngoma. Kimya alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, mchora mabango, na jina lake lilimkaa barabara: alipiga gitaa na kunyamaza, basi. Mtangazaji alipiga besi na kuimba. Mchana alikuwa akiita mabasi kituoni, mwanamume mwenye koo la kumkimbiza bibi na mizigo yake yote kichwani. Katika bendi aliishusha sauti ile mpaka chini kabisa, akanguruma hadi vioo vya dirisha vikatetemeka. Muziki wao ulikuwa wa metali, ile roki ya magitaa ya kunguruma, mzito, wa taratibu mno. Wenyewe waliuita metali ya msiba. Wengine waliuita makelele, na wengine hawakuuita chochote, walifunga madirisha tu.

Hii ilikuwa albamu yao ya kwanza, na hii ndiyo siku waliyoitwa dukani kuisikia.

Bosi, mwenye duka la kanda na chumba cha kurekodia nyuma yake, alisimama mikono kiunoni, meno yote nje. Mwanamke mmoja aliyekuwa akichagua kanda kwenye rafu alianza kutikisa mabega. Mwenzake akamwuliza nani hao.

"Mnaona?" alisema Bosi. "Watu wanawapenda!"

Mlango wa nyuma ukafunguka, akatoka Miwani, fundi mitambo wa Bosi, anapangusa mikono kwa kitambaa huku uso wake ukiwaka furaha. "Mmesikia? Nimewatibia kanda yenu. Mashine iliyorekodi ilikuwa inaburuta, ule mkanda wake wa ndani umelegea, nikajua mara moja. Hakuna binadamu anayepiga muziki taratibu vile kwa kupenda. Nikakaza mwendo kidogo kidogo mpaka ukakaa sawa. Nyie mngeaibika bure!"

"Mashine haikuwa mbovu," alisema Fundi. "Tulipiga hivyo."

"Mlipiga hivyo?"

"Ndiyo."

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi, kaka."

Miwani alivua miwani yake, akaipangusa, akaivaa tena, akamtazama vizuri. Masikini, hakuwa na ubaya. Alikuwa amekaa na mashine siku nyingi kiasi kwamba kila kitu cha taratibu alikiona ni kibovu. Lakini makasha ya kanda yalikuwa yameshapangwa ukutani, kila kanda na jalada lake alilolichora Kimya: kitanda kitupu, shuka limetandikwa vizuri. Na ndani ya kila jalada, mbuzi.

 Fundi akakaa juu ya kasha.

Kwa nini mwendo ule ulikuwa kitu kikubwa kwake? Si kwa ubishi, ingawa ubishi alikuwa nao wa kutosha kugawia mtaa mzima. Mama yao aliugua muda mrefu, na kitanda chake kilikuwa chumba kilekile chenye cherehani, maana nyumba haikuwa na chumba kingine. Fundi alishona huku akimwuguza. Mwishoni pumzi ya mama ikawa ya kuvizia. Iliingia, ikakaa. Ukangoja. Ukaweka kitambaa chini ukangoja zaidi, na moyo wako nao umesimama. Halafu ikatoka. Bila kujijua, mguu wa Fundi juu ya pedali ya cherehani ukaanza kufuata pumzi ile: kushona, kusimama, kusimama, kushona. Wateja walilalamika nguo zao zinachelewa. Mama alipokata roho, mguu haukukubali kuacha. Siku baada ya mazishi Fundi alikaa kwenye cherehani isiyo na uzi wala kitambaa, anakanyaga na kusimama, na Kimya, ambaye hakuwa amedondosha chozi hata moja, akachukua gitaa lake, akalegeza nyuzi mpaka zikakaribia kugonga mbao, akaufuata mguu wa dada yake. Huo ndio wimbo wa kwanza wa Udongo. Nyingine zote zilizaliwa humo.

Na watu wote wakawa wanawahimiza wamalize maombolezo. Mama mdogo ndiye aliyeongoza. Alikuwa mdogo wa marehemu, mwanamke mwenye mikono isiyojua kukaa bure. Alifika msibani amekunja mikono ya gauni, na kabla matanga hayajapoa godoro limetolewa nje, gauni za marehemu zimefungwa furushi, chupa za dawa zimetupwa. Alipika, akafua, akapokea wageni, wala hakuna mtu angeweza kumlaumu. Lakini kila Fundi alipofungua kinywa kulia, Mama mdogo alikuwa pale na kitambaa. "Basi, mwanangu, inatosha. Kulia hakumrudishi mtu. Piga moyo konde."

Inatosha! Nani alipima? Fundi aliichukia kauli ile kuliko kifo chenyewe. Haikutosha, haikukaribia hata kutosha, na albamu nzima, toka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, ilikuwa ni kusema hivyo tu.

"Bosi," alisema, akainuka kutoka kwenye kasha. "Hawa si sisi. Rudisha kama ilivyokuwa."

Bosi alicheka kwa upole, kama unavyomcheka mtoto anayekataa dawa. "Binti yangu, nani anawataka nyinyi? Watu wanataka wimbo. Jumamosi ukumbi ni wenu, nimeshatangaza. Mkipiga hivi, kama kanda inavyolia, watu wakacheza, nitaisambaza nchi nzima. Na ile kanda ya asili, ile ya kilio chenu, nitawapa mkononi usiku huohuo. Mkailie nyumbani, mlango umefungwa, hakuna atakayewasumbua."

"Na tukipiga kama tunavyopiga?"

"Jumapili naifuta. Kuna kwaya ya harusi inangoja kurekodi, na kanda nzuri kama ile haipatikani kila siku." Akagonga droo ya meza yake kwa kidole, droo yenye kufuli. Nakala nyingine ya mwendo wa asili haikuwepo duniani.

Miwani aliangalia viatu vyake.

 Walipofika kwa Fundi, kwenye chumba cha kushonea ambako ngoma zilikaa katikati ya meza ya kukatia na majora ya vitambaa, Mtangazaji hakuweza kujizuia tena.

"Fundi, nisikilize. Mimi naita mabasi toka sijaota ndevu. Watu wanapanda, wanashuka, wanafika kwao, hakuna hata mmoja aliyewahi kugeuka kuangalia nani anaita. Leo nimemwona mwanamke anatikisa mabega kwa sauti yangu!"

"Kwa sauti ya mbuzi."

"Mbuzi, simba, ni mimi! Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Nimeinama juu ya cherehani hii maisha yangu yote," alisema Fundi. "Mgongo umechoka kuinama. Kama kiko mvunguni, kikae hukohuko."

"Maneno hayo ni mazuri ya kuandika kwenye bango. Lakini wewe ndiye unayeshika mwendo. Ukikimbia tutakimbia, ukitambaa tutatambaa nyuma yako, hatuna ujanja. Sasa utatupotezea kila kitu kwa ajili ya..."

 Alikuwa mtu mwema, na neno lililokuwa limeshafika kwenye meno akalimeza.

"Kwa ajili ya mama yangu," alisema Fundi. "Sema. Usiogope."

"Mama yetu," alisema Kimya.

Wote wawili wakageuka. Kimya alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye majora, rangi ya mabango bado iko kwenye kucha zake. Alizungumza akilitazama gitaa.

"Mimi sijui kulia, Dada. Msibani nilijaribu nikashindwa. Nililia kwenye kanda ile, pale wimbo wa mwisho, wewe unajua. Akiifuta, sina kingine."

Basi hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu, maana adui ukimjua unapigana naye, lakini mdogo wako utapigana naye vipi? Fundi akipiga haraka, Jumamosi hiyohiyo kilio cha Kimya kitakuwa mikononi mwao, salama, ndani ya sanduku, na nchi nzima itacheza mbuzi. Akipiga taratibu, kilio kitafutwa, na juu yake ataimbiwa bwana harusi.

"Unataka nipige haraka?" alimwuliza.

"Sijui," alisema Kimya, na kweli alikuwa hajui.

Juma zima Fundi alifanya mazoezi ya mwendo wa haraka. Hakumwambia mtu sababu, kwa kuwa mwenyewe hakuwa nayo. Mguu uliweza. Mguu wa cherehani unaweza kila kitu, huo haukuwa wasiwasi wake. Wasiwasi wake ni kwamba kila alipomaliza mazoezi alijisikia kama mtu aliyetoka kusema uongo wenye mafanikio.

Jumamosi jioni ukumbi ulijaa. Waliokuja walikuja kucheza, wamevaa viatu vya kuchezea, wengine wameshaanza kabla hakijapigwa kitu. Mstari wa mbele alikaa Mama mdogo, ndani ya gauni la kumetameta ambalo Fundi mwenyewe alimshonea, amenyoosha shingo na kutabasamu kwa kila mtu. Alikuwa amesikia kwamba wanawe sasa wanapiga kitu cha furaha, na alikuja kukipigia makofi. Bosi alisimama pembeni ya jukwaa, karibu na swichi kubwa ya umeme, kanda ya asili imechungulia kwenye mfuko wa shati lake makusudi, ili ionekane.

Fundi alikaa nyuma ya ngoma. Akainua vijiti. Kimya alikuwa anamwangalia, Mtangazaji anamwangalia, na ukumbi mzima ukabana pumzi kungoja.

Aliitazama kanda mfukoni mwa Bosi. Ilikuwa karibu kiasi cha kuifikia kwa kijiti. Akafikiri: nipige, niichukue, niende zangu. Kisha akamtazama Mama mdogo, na lile tabasamu la mtu anayejisemea afadhali, sasa yamekwisha. Hayajakwisha, alisema Fundi moyoni, na hasira aliyoisikia ilikuwa safi, ya kumtuliza mtu mikono.

Mguu ukashuka. Ngoma kubwa ikalia mara moja.

Akangoja. Watu nao wakangoja, mguu mmoja juu. Akaendelea kungoja mpaka mtu mmoja nyuma akakohoa. Ndipo akapiga ya pili.

Mtangazaji aligeuka kumtazama. Fundi alijiandaa kwa macho ya lawama. Lakini yule mwita mabasi alimtazama tu, akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa akijua toka mwanzo kwamba atafanyiwa hivi, akafumba macho, akainama kwenye maikrofoni, na ile sauti yake halisi ikatoka chini kabisa na kuwapita watu miguuni. Gitaa la Kimya likaifuata, zito, linakokota.

Mwanzoni walicheka. "Betri zimeisha!" alipiga kelele mmoja. "Waamsheni, wamelala!" Wengine walijitahidi kwa nia njema kucheza, wakanyanyua mguu na wasijue wautue lini. Kisha wakaanza kuzomea, na baada ya kuzomea wakaanza kutoka, kundi kwa kundi, wakigonga viti makusudi. Bosi alipunga mikono kama anafukuza ndege shambani. Kasi, kasi! Fundi alimwona vizuri sana. Akaongeza kungoja.

Bosi akavuta swichi.

Taa zikazima. Gitaa la Kimya likakatika katikati ya sauti, likawa waya tu juu ya ubao. Maikrofoni ikafa. Ukabaki mwanga wa jioni madirishani, vumbi la viatu, na ngoma kubwa, ambayo haijawahi kuomba umeme kwa mtu. Ikalia. Akangoja. Ikalia. Naye Mtangazaji, aliyeita mabasi miaka mingi kabla kituo hakijafungiwa vipaza sauti, akasogeza maikrofoni pembeni kwa adabu na kuendelea kunguruma kwa kifua chake mwenyewe.

Bosi akapanda jukwaani, akaunyaka mkono wa Fundi pamoja na kijiti. "Inatosha!" alifoka. "Umesikia? Inatosha!"

Mguu haukusimama.

Kiti kikaburutwa mstari wa mbele. Mama mdogo alikuwa amesimama. Lile tabasamu halikuwepo tena, na bila tabasamu alifanana na dada yake kiasi kwamba Kimya alirudi nyuma hatua moja.

"Wewe," alimwambia Bosi. "Mwache. Shuka hapo."

"Mama, hii ni biashara yangu..."

"Nimesema shuka. Mtoto hajamaliza."

"Watu wanaondoka!"

"Kama una haraka, mlango ule pale, ondoka nao. Hapa hakuna aliyekuita." Sauti yake ilipasuka kidogo, akaikaza. "Hajamaliza, baba. Kwani huoni?"

Bosi aliuachia mkono. Akatoa kanda mfukoni na kuinyanyua juu waione wote watatu. "Kesho asubuhi naifuta! Haki ya Mungu, naifuta!"

Fundi alimtazama mdogo wake. Neno hili halikuwa lake peke yake kulisema. Kimya alilaza gitaa lake chini taratibu, akaja, akapiga magoti kando ya ngoma ya pembeni, akaweka viganja vyake juu ya ngozi.

"Futa," alisema Kimya, na kwa viganja vitupu akaanza kumfuata dada yake.

Bosi aliifuta kweli. Katika mambo yote aliyowahi kuahidi, hilo ndilo alilolitimiza bila kukumbushwa. Kanda za mbuzi ziliuzwa kidogo, zikachezwa kidogo, zikasahauliwa kabla ya mvua zilizofuata.

Siku chache baadaye Miwani alisimama kwenye mlango wa chumba cha kushonea, amebeba mashine yake mwenyewe ya kurekodi, ameifunga kwa taulo kama mtoto mchanga. "Nimeacha kazi kule," alisema. "Nipeni nafasi. Safari hii sigusi kitu."

Wakarekodi upya, mle mle kati ya majora, ngoma kubwa imejazwa vipande vya nguo ili majirani wasilete polisi. Ililia kwa mlio butu, wa kitu kizito kinachotua kwenye udongo. Mwendo ulikuwa wa taratibu kuliko ule wa kwanza. Hiyo ndiyo albamu ya *Pumzi*, iliyonakiliwa mkono kwa mkono mpaka ikavuka mipaka ambayo wenyewe hawakuijua majina. Leo kuna bendi za mbali zinazojaza matambara kwenye ngoma zao bila kujua ni kwa nini, na vijana wa nywele ndefu wanaobishana hadi kununiana kuhusu namna Kimya alivyolegeza nyuzi zake.

Wanabishana zaidi kuhusu wimbo wa mwisho. Kuelekea tamati yake inasikika sauti ya mwanamke. Kwanza ni pumzi inayozuiliwa, kisha kikohozi cha kujisingizia. Halafu mwanamke huyo anashindwa, analia, analia vibaya, kwa makamasi na kwikwi, anamwita dada yake kwa jina la utotoni. Siku ile ya kurekodi Miwani alinyoosha kidole kuzima mashine. Fundi akatikisa kichwa, mguu ukiendelea, na Kimya, aliyekuwa na gitaa mapajani, akapiga noti ileile tena na tena, uso umelowa chapachapa. Wimbo ule ulitakiwa kwisha mapema zaidi. Haukuisha mpaka yule mwanamke aliponyamaza mwenyewe.

Bendi nyingi zimeiga. Zinakodi waimbaji wa kulia mwishoni mwa albamu zao, nao wanalia vizuri, kwa sauti tamu. Wanamuziki wa kutoka mbali waliwahi kumfuata Fundi mpaka kwenye cherehani yake kumwuliza alimpata wapi mliaji yule, na ni nani aliyempangia aanze pale hasa, kwa kuchelewa vile.

Fundi alikata uzi kwa meno.

"Ni mama yetu mdogo," alisema. "Alichelewa kuanza, tukamsubiri."